Kutafuta Njia kwa Neno: Kutoka Likoni hadi Rabai

Jumatatu

Kampuni ninayofanyia kazi inahamia Nairobi. Kwa mtu wa Mombasa si habari ngeni. Tangu reli ya SGR ianze kazi mwaka 2017, makontena mengi yakishushwa Kilindini hupakiwa kwenye mabehewa yakaenda kutolewa bara, na ofisi za kuondosha mizigo zimeyafuata. Barua niliyopewa ina mambo mawili: ama nihamie Nairobi kwa mshahara ulioongezwa, ama nibaki kwenye ofisi ndogo itakayoachwa hapa kwa mshahara uliopunguzwa. Jibu linatakiwa Jumatatu ijayo.

Nimeomba likizo. Nyumbani Likoni niko na mama, mjane, mwenye presha na goti lisilotaka tena ngazi, na binti yangu aliye gredi ya sita. Nimetia nia kulipeleka jambo hili mbele za Mungu kwa Neno lake, na kwenda mahali ambapo watu waliopita Mombasa kabla yangu walifanya vivyo hivyo. Nimebeba Biblia ya mama, Union Version, ile tafsiri ya mwaka 1952. Uti wake ulipasuka zamani, akaushona kwa uzi mweusi wa viatu, na ukurasa wa Zaburi ya 23 umekuwa laini kama kitambaa kwa kushikwa.

Nikavuka feri asubuhi nikaenda hadi Barabara ya Nkrumah, kwenye Memorial Cathedral, kanisa kuu la Kianglikana lililowekwa wakfu mwaka 1905. Ukilitazama kuba lake na matao yake, mgeni angedhani ni msikiti, nami hulipenda kwa sababu hiyo: limevaa nguo ya mji. Ni kanisa la ukumbusho, na miongoni mwa wanaokumbukwa ni Askofu James Hannington. Huyu alifika Mombasa mapema mwaka 1885, na katikati ya mwaka huo akaondoka Rabai kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini. Kabaka Mwanga na watu wake waliwaogopa wageni waingiao kwa upande wa mashariki. Hannington alikamatwa Busoga, akafungiwa siku kadhaa, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa mikuki pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Kifungoni aliandika shajara, na shajara ile ilipatikana. Siku ya mwisho aliandika kwamba hana habari yoyote, ila ametegemezwa na Zaburi ya 30, iliyomjia kwa nguvu nyingi. Akataja na fisi aliyelia usiku karibu naye, akinusa mgonjwa.

Nimekaa benchi la nyuma nikaisoma zaburi hiyo yote. "Huenda kilio huja kukaa usiku, lakini asubuhi huwa furaha." Mtu aliyasoma maneno haya, na siku ile ile akauawa. Sasa niseme nini? Kwamba Neno lilimdanganya? Sikubali. Lakini najua vile sisi huisoma aya hii: mtu akisubiri majibu ya hospitali au ya kazi, huishika kama risiti ya kudai kitu kesho asubuhi. Hannington hakuandika kwamba zaburi imemwahidi kufunguliwa. Aliandika kwamba imemtegemeza, na aliyetegemezwa ni mtu mgonjwa, sakafuni, asiyejua lolote kuhusu kesho. Hilo ndilo nililoondoka nalo kanisani, na halikuwa jepesi.

Jumanne

Nyali, upande wa Mkomani. Nimeshuka tuktuk karibu na maji, mahali palipo makaburi ya Rosine Krapf na mtoto wake mchanga. Wanapita hapa watu wengi kwenda hotelini, na wengi hawajui ni akina nani.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, chama cha wamishenari wa Kianglikana cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Juni akaanza kuitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Ndiyo, kadhi. Kurasa za kwanza kabisa za Biblia ya Kiswahili katika mji huu zilipita mikononi mwa mwanachuoni wa Kiislamu aliyekubali kukaa na mgeni wakapima maneno pamoja. Nikilikumbuka hili moyo wangu hujaa shukrani, na natamani lingesemwa zaidi madhabahuni.

Mwezi uliofuata, Julai, homa ikaingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike, kisha mama akafa, na baada ya siku chache mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Baadaye akawaandikia wakubwa wake Uingereza kwamba sasa kuna kaburi kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni alama kuwa kazi imeanza.

Nimesimama pale nikafungua kitabu kile kile alichokuwa akikitafsiri. Mlango wa 12: "Toka wewe katika nchi yako, na jamaa zako, na nyumba ya baba yako, uende mpaka nchi nitakayokuonyesha." Aya hii nimeisikia ikihubiriwa kwa kila mtu anayehamia mji mwingine au anayepanda ndege kwenda Ghuba. Sijawahi kumsikia mhubiri akiendelea hadi mlango wa 23. Humo Sara anakufa, na Ibrahimu anasimama mbele ya wana wa Hethi akiomba wamuuzie mahali pa kumzika mkewe. Analipa shekeli 400 za fedha kwa shamba la Makpela. Katika nchi yote aliyoahidiwa, ardhi ya kwanza aliyoimiliki ilikuwa ya kaburi.

Krapf alifika milango yote miwili, kwenye karatasi na katika maisha. Upepo wa bahari ulikuwa mkali, nikashindwa kuzishika kurasa, nikarudi zangu.

Jumatano

Mvua. Sikutoka.

Simu zilikuwa nyingi, maana habari imeenea. Jirani amenishauri nifumbe macho, niifungue Biblia popote, niweke kidole, na aya nitakayoiangukia ndiyo jibu. Mwingine amenipa namba ya mtumishi anayetoa neno la unabii kwa simu, ukishatuma sadaka ya mbegu. Nampenda jirani yangu, amenilelea mtoto nilipokuwa naingia zamu za usiku, lakini haya mawili siyafanyi. Kumbukumbu la Torati 18 inamtaja atazamaye bao pamoja na mchawi na mwenye kubashiri, na sioni bao likigeuka kuwa jambo jema kwa sababu limetengenezwa kwa kurasa za Biblia. Huyo wa mbegu simsemi zaidi. Wapo wanawake wa kanisani kwetu waliotuma hela ya karo.

Badala yake nimesoma Yeremia 29 kuanzia mstari wa kwanza. Mstari wa 11 uko kwenye vikombe, kwenye kalenda, na kwenye vioo vya matatu: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ila sura yote ni barua. Iliandikwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, ambao manabii wao walikuwa wakiwaambia watarudi kwao karibuni. Mstari wa 10 unasema miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile wangekufa huko huko. Na amri waliyopewa iko mstari wa 5: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake."

Mama ameniuliza mbona nimenyamaza. Nikamsomea. Akasema, "Sasa soma tena, polepole."

Alhamisi

Nimekwenda Rabai.

Ukitoka kisiwani kwa matatu, unapita Changamwe, Miritini, malori yamesongamana, vumbi na moshi. Mazeras unashuka, unapanda boda kushika barabara ya Kaloleni. Ghafla hewa inabadilika: minazi, miembe, vilima, na ukigeuka nyuma unaiona bahari mbali. Mama ni wa huku. Shangazi yake, ambaye sisi sote tunamwita hawe, alinipokea kwa uji na mihogo, akanituma kanisani kabla jua halijawa kali.

Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo hapa mwaka 1846. Kanisa la Mtakatifu Paulo lililopo sasa lilijengwa mwaka 1887, na karibu yake kuna makumbusho. Watu huja kumwangalia Krapf, mtu wa ramani na mipango mikubwa. Alitaka mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani hii hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Alisafiri Ukambani, akauona Mlima Kenya mwaka 1849, akaandika kamusi, na mwaka 1853 afya ikamshinda akarudi Ulaya. Mlolongo aliouota hakuuona.

Mimi leo nilimjia Rebmann.

Wengi wanamjua kwa jambo moja: tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika, na wataalamu wa London wakakataa kuamini kuwa theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Baada ya safari zake za Uchagani alikaa. Hakuwa na mpango mkubwa wa kuonyesha. Alikaa Rabai, akajifunza lugha ya wenyeji, akakaa na mtu aliyekuwa mtumwa, jina lake Salimini, akaandika kutoka kinywani mwake kamusi ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa, nchi ambayo yeye Rebmann hakuwahi kuikanyaga. Walioamini walikuwa wachache mno. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kilema, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Wamishenari wapya walipokuja walimkuta Rebmann angali hapa, haoni. Alikuwa amekaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Ndipo mwaka 1875 akachukuliwa Ujerumani, na mwaka uliofuata akafa.

Nimekaa chini ya mwembe nje ya kanisa nikimfikiria mtu huyu. Nani alimwambia abaki? Sidhani alisikia sauti kila mwaka ikisema baki. Alikuwa na watu waliokuwa wakimtegemea, alikuwa na kazi haijaisha, na alikuwa na Biblia inayomwambia awapende watu hao na aimalize kazi hiyo. Nimekuwa nikiomba Mungu anionyeshe Nairobi kutakuwaje, Mombasa kutakuwaje, bandari itabaki na nini baada ya miaka mitano. Kila nikifungua kitabu hiki, hakinijibu hayo. Kinaniuliza habari za mama. Kinaniuliza kama nasema kweli kazini, kama namlipa mfanyakazi wangu wa nyumbani kwa wakati, kama bado nimemkasirikia kaka yangu. Naanza kuamini kwamba huko ndiko kuongozwa kwenyewe, na kwamba mengi niliyokuwa nikiyaita kutafuta mapenzi ya Mungu yalikuwa ni kutaka kuona kesho.

Jioni hawe alinisimulia habari ya Ikabodi, ambayo nilishaisikia utotoni nikaisahau. Kabla Hannington hajasafiri, alimwekea mikono William Jones awe shemasi. Jones alikuwa Mwafrika aliyeokolewa utumwani akasomeshwa India. Aliondoka na msafara ule, lakini Hannington alipotangulia na watu wachache, Jones alibaki nyuma na kundi kubwa. Habari za kifo zilipofika, ni yeye aliyewarudisha watu hadi hapa Rabai, mapema mwaka 1886, wakiwa wameishiwa, wamebeba bendera ya buluu yenye neno moja: Ikabodi. Ni lile jina kutoka Samweli wa Kwanza 4, mkwe wa Eli alipolia kwamba utukufu umeondoka katika Israeli. Wanawake walikuwa wamekuja njiani kuwalaki waume zao, wengine hawakuwaona.

"Hawa walijua kuisoma Biblia," hawe akasema. "Siku ya msiba hawakutafuta aya ya kuchekea."

Nimelala Rabai.

Ijumaa

Nimerudi mchana, nikapita Mji wa Kale adhuhuri watu wakielekea msikitini. Nikanunua kahawa chungu kwa mzee anayepita na buli la shaba, nikaketi kivulini karibu na Fort Jesus.

Ngome hii Wareno waliianza mwaka 1593, wakaipa jina la Yesu, wakaiwekea mizinga. Mwaka 1631 mfalme wa hapa, Yusuf bin Hasan, aliyepelekwa Goa akiwa mtoto na kubatizwa Jerónimo, aliichoka dhuluma yao. Akaingia ngomeni akamuua kapteni, akarudi katika dini ya baba zake, na Wakristo waliokataa kuiacha imani yao, Wareno na Waafrika, wakauawa. Nawaheshimu waliokufa. Lakini jina la Bwana wangu juu ya lango la mizinga linaniuma, na sitajifanya haliniumi. Sikukaa sana.

Jumamosi

Kengeleni. Ukivuka Daraja la Nyali, kabla hujafika mbali, kelele za makondakta zinakupokea: Bamburi, Mtwapa, Kongowea. Na pale kandokando ya barabara umesimama mnara mdogo wa kengele ulioipa sehemu hii jina lake. Kengele hii iliwaita watu sala, na iliwaonya wakati majahazi ya wauza watumwa yalipoonekana.

Baada ya Sultani Barghash kukubali kulifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, watu waliokamatwa na manowari za Waingereza kutoka majahazini walihitaji mahali pa kukaa. CMS ikanunua ardhi huku Kisauni, mji ukaanza karibu mwaka 1875, ukaitwa Frere Town kwa jina la Bartle Frere aliyepeleka mapatano yale kwa Sultani. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa, watu wa makabila mengi, wengi wao watoto. Kiswahili na Biblia ndivyo vilivyowaunganisha.

Nimekwenda hadi Kanisa la Emmanuel. Mlinzi amenifungulia, nikakaa peke yangu na barua ya Yeremia. Nilipoisoma Jumatano nilifikiria Wayahudi wa Babeli. Leo nimeifikiria kwa watoto waliovunjwa kutoka mikononi mwa mama zao huko Nyasa, wakatembezwa hadi pwani, wakasukumwa chomboni, wakatolewa humo, kisha wakawekwa hapa, ambapo hakuna aliyejua kijiji chao kiko wapi wala njia ya kurudi. Wengi hawangerudi kwao kamwe. Wakajenga nyumba, wakakaa ndani yake. Wakapanda minazi. Wakaoana, wakawa walimu, makarani, makasisi, na watoto wa watoto wao wangali humu Kisauni na Rabai, unakaa nao kwenye matatu bila kujua.

"Kautakieni amani mji ule, ambao nimewafanya mchukuliwe mateka, mkauombee kwa BWANA, kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani."

Mimi sikuchukuliwa mateka na mtu. Nimezaliwa hapa. Lakini kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiisema Mombasa kama maiti: bandari imekwisha, kazi zimekwisha, vijana wamekwisha kwa mihadarati. Sijauombea mji huu hata mara moja mwaka huu, zaidi ya kuomba nipate pa kutokea. Nimepiga magoti pale pale nikauombea. Niliwataja wachukuzi wa Kilindini, na madereva wa malori waliokosa mizigo, na mama wa viazi karai aliyekaa nje ya lango letu la ofisi tangu siku niliyoajiriwa, ambaye wateja wake ni sisi.

Jumapili

Baada ya ibada, watu wa ushirika wa nyumbani walikuja kwetu Likoni. Nilipika pilau. Nikawasomea Matendo 16, kwa sababu aya moja ilinikaa tangu alfajiri. Paulo anazuiwa kulihubiri Neno katika Asia. Anajaribu kwenda Bithinia, anazuiwa tena. Anashuka hadi Troa. Usiku anaona maono ya mtu wa Makedonia akimwita avuke akawasaidie. Maono aliyaona peke yake, lakini waliokata shauri kwamba Mungu amewaita ni wote waliokuwa naye. Nikawaambia: nisaidieni kukata shauri.

Mzee wa kanisa aliyestaafu kuendesha kreni bandarini hakuuliza nimeonyeshwa nini. Alimgeukia mama. "Wewe mama, wasemaje?"

Mama alitengeneza leso yake. "Mimi sikuzaa mwana awe mlinzi wa kitanda changu. Akienda, nitakaa na ndugu zangu Rabai. Lakini mkiniuliza nataka nini, nataka awepo. Na mtoto asome hapa alipoanza."

Basi tukahesabu. Kalamu na daftari mezani, mbele ya wote: kodi, karo, dawa za presha, nauli, na pengo litakaloachwa na mshahara mdogo. Kaka yangu wa Kaloleni alipigiwa simu. Hatujazungumza vizuri tangu mazishi ya baba. Nilianza kwa kumwomba msamaha kwa maneno niliyomtolea siku ile, naye akanyamaza kidogo, akasema yameisha, na dawa za mama ataleta nusu kila mwezi. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama akanikumbusha Timotheo wa Kwanza 5, kwamba mjane mwenye watoto, watoto hao wajifunze kwanza kutenda wajibu wao kwa jamaa zao wenyewe. Akasema ameisoma bila kunilazimisha, kwamba wapo wanaoutimiza wajibu huo kutoka Nairobi kwa kutuma hela, na si dhambi. Nikamshukuru kwa hilo. Lakini sisi tuliokuwa mezani tulikuwa tumeshaona.

Tukaomba, kwa kifupi, maana giza lilikuwa linaingia na wengine walikuwa na feri ya kuwahi.

Barua nimeiandika baada ya mtoto kulala. Nimewashukuru kwa nafasi ya Nairobi, nimesema nachagua ofisi ya Mombasa kwa masharti waliyoyataja, na nimeomba nianze saa moja asubuhi badala ya saa mbili ili nimwahi mama kliniki ya alasiri kila Alhamisi. Hilo la saa wanaweza kulikataa. Mama amenitia neno moja mwishoni, niwaulize kama ofisi hiyo ndogo itahitaji mtu wa kufagia, kwa sababu yule dada anayefagia ofisi kubwa ana watoto wanne na hajaambiwa lolote. Nimeliandika.